Mlinzi wa Magodoro

Mimi nimeolewa na mlinzi wa usiku, na asiyejua maana yake asinicheke, aje nimweleze. Mume wangu alilinda kiwanda cha magodoro kwa miaka thelathini na kitu. Magodoro, jamani! Usiku kucha mtu amezungukwa na magodoro mpaka darini, na kulalia hata moja ni kosa la kufukuzwa kazi. Mtaani wakampa jina, Mzee Macho. Asubuhi akirudi, macho mekundu, tochi kwapani, mimi nimeshajifunga kitambaa kichwani naelekea shule ya chekechea ninakopika. Tunakutana mlangoni.

"Umekeshaje?"

"Salama. Umeamkaje?"

"Salama. Chai iko kwenye chupa."

Basi. Yeye ndani, mimi nje. Kitanda chetu hakikuwahi kupoa, ila kila mtu alikilalia kwa zamu yake. Najua mnachotaka kuniuliza: watoto wanne walipatikana vipi? Likizo zipo, bwana. Msinichimbe zaidi.

Alipostaafu nilifurahi kama bibi harusi. Nikanunua mashuka mapya, nikasema sasa na mimi nitakuwa na mume usiku kama wanawake wenzangu. Wapi! Usiku ule wa kwanza mimi nimejilaza, yeye kachukua kiti na tochi yake, akaketi nyuma ya mlango na kukitazama kitasa mpaka kukacha. Nilipotoka kwenda kazini ndipo akapanda kitandani. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa, mpaka mwezi ukaisha. Nilisema, nikabembeleza, nikanuna. "Usingizi hauji, mama watoto," ananijibu, tena kwa upole, mtu hana hata ukali wa kugombana naye! Mazoea yana taabu, hilo nalijua. Lakini kuna usiku nililia chini ya yale mashuka mapya, na yeye yuko palepale mlangoni analinda nyumba isiyo na cha kuibwa.

Ndiyo maana binti yetu wa kwanza alipoleta habari ya meli, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Binti huyu anaoka mikate kwenye meli ya watalii, moja ya yale maghorofa yanayoelea, na kampuni yao humruhusu mfanyakazi wa siku nyingi kuwapandisha wazazi wake mara moja, wiki nzima, bure. Wenzangu pale jikoni walinishangilia kwa ajili ya bwawa la kuogelea na vyakula. Mimi bwawa la nini? Niliwaza hivi: kwenye meli hana mlango wake, hana mali yake, hana geti. Kule atalala usiku ubavuni mwangu kama waume za watu. Na akishindwa hata kule, basi tena, sitamsemesha habari hiyo maisha yangu yote. Nitazeeka nikilala peke yangu, si nimeshazoea?

Siku ya kupanda, begi letu lilipita kwenye mashine ya bandarini na mashine ikapiga kelele. Mlinzi akafungua, akatoa tochi. Ile tochi! Asubuhi nilikuwa nimeitoa kwenye begi kwa mkono wangu nikaificha nyuma ya sufuria. Sijui aliirudisha saa ngapi.

"Mzee, hii ya nini?" mlinzi akauliza.

"Ya kazi."

"Kazi gani tena, mzee wangu? Si mnakwenda kupumzika?"

Mume wangu akacheka kidogo, akamwambia na yeye alikuwa mlinzi. Ohoo! Hapo wakasahau foleni nzima. Wakaulizana habari za zamu, za mbu, za viatu vinavyobana kidole. Mwisho wakapigiana saluti na tochi ikarudi begini. Nilifunga zipu ya begi kwa nguvu, moyoni nachemka.

Tukapanda daraja, tukaingia. Sitasema uongo, meli ile ilinifunga mdomo, na si rahisi kunifunga mdomo. Ukumbi wa kwanza una ngazi pana zinazozunguka, reli zake zinang'aa mpaka unajiona ulivyochoka. Lifti za kioo zinapanda na kushuka. Mtu amekaa anapiga kinanda mchana kweupe na hakuna anayemsikiliza. Binti akaja mbio kutoka jikoni, kofia nyeupe kichwani, unga kwenye nyusi. Akatukumbatia wote wawili kwa pamoja, akatupa kadi ya kufungulia chumba. "Ghorofa ya nne, kushoto, mbele kabisa. Leo niko zamu mpaka usiku, nitawaona mezani." Akakimbia. Nilimtazama mgongo wake nikajisemea, huyu kamrithi baba yake.

Korido ya ghorofa ya nne ilikuwa ndefu, milango imefanana huku na huku kama mapacha. Baba watoto alitangulia, na mimi nyuma nikaona mkono wake unafanya kitu. Kila mlango anaoupita anashika kitasa, anakitikisa, anapita. Mlango wa pili, anatikisa. Wa tatu, anatikisa.

"Wee! Unafanya nini?"

"Nafanya nini?" Hajui hata kama anafanya!

Kabla sijamjibu, mlango mmoja ukafunguka. Ndani kuna baba mmoja mnene, taulo kiunoni, povu la sabuni limemjaa masikioni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na pale hata ardhi hakuna. Mume wangu akasimama wima.

"Samahani, mkubwa. Mlango wako ulikuwa wazi. Tunakagua."

Yule baba akajitazama, akautazama mlango, akasema, "Asante sana kwa kazi nzuri," akafunga. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Na yeye alicheka, kile kicheko chake cha puani. Kwa muda mfupi tulikuwa watu wawili walio safarini, basi, na nikaona kwamba mambo yatakaa sawa.

Chumba chetu kilikuwa kidogo, nadhifu, hakina dirisha. Mahali pa dirisha wametundika televisheni inayoonyesha bahari ilivyo huko nje. Bafu lake ukigeuka unagonga kila kitu kwa wakati mmoja. Nikafungua kabati: majaketi mawili ya kujiokolea, ya rangi ya chungwa, kila moja na filimbi yake. Nikafungua droo, nikanusa sabuni, nikabonyeza taa zote, nikazizima. Na katikati, kimejaa chumba kizima, kitanda kimoja kipana, shuka limevutwa mpaka huoni mkunjo. Nilikitazama kile kitanda nikaona aibu kama msichana.

Mhudumu wa vyumba akabisha hodi. Mama wa makamo, mpole, amebeba taulo kifuani. Akatuamkia, akatuonyesha swichi na simu, kisha akauliza swali la kawaida kabisa, la kila siku kwake.

"Baba analala upande upi, na mama upande upi? Niwawekee glasi ya maji na ndara kila mtu upande wake."

Nikamtazama mume wangu, naye ananitazama mimi. Upande? Sisi hatuna pande. Mtu anayelala peke yake hulala katikati. Miaka yote ile, watoto wanne, wajukuu juu, na hatujui nani analala kulia!

Yule mama akaona kimya kimekuwa kirefu, akadhani tumegombana, masikini. Akashusha sauti. "Kama mnapenda, vinatengana hivi. Ni vitanda viwili vimeunganishwa. Nikipita jioni nitawatenganishia, ni dakika moja tu, naweka meza katikati."

Na baba watoto, bila hata kunitazama, akasema, "Tenganisha tu, dada. Itakuwa vizuri."

Itakuwa vizuri! Lo! Nilichukua mkoba wangu na ile kadi, nikamwambia naenda kutembea, asinifuate.

Nilitembea kwa hasira, na hasira ina miguu mirefu. Nikapita chumba cha kulia chakula, meza zimevaa vitambaa mpaka chini, glasi nne kwa kila mtu, sijui mtu mmoja anywe mara nne kwa nini. Nikapita duka la manukato, nikapita maktaba ambayo watu wamelala vitini, nikawaonea wivu hata hao. Nikatokea juu kwenye bwawa, watoto wa watu wanarushiana maji. Nikapita chini ya mashua za kuokolea watu zilizoning'inizwa, nikahesabu makosa ya mume wangu, nikajikuta narudi palepale kwenye bwawa. Nikashuka ngazi nyingine, nikatokea bwawani tena. Meli ile ni korido tupu! Mwisho nikaketi kwenye benchi la mbao kwenye sitaha, mahali pasipo na mtu, nikajiambia ukweli wangu. Huyu mtu hanitaki ubavuni. Si usingizi, si mazoea. Tumekuwa wapangaji wawili wa chumba kimoja, na mwenzangu ameridhika. Nililia kidogo, nikajifuta na ncha ya kitambaa.

Hapo honi ikalia, ndefu, na sauti kwenye vipaza sauti ikasema abiria wote wavae majaketi yao na kwenda sehemu zao, ni mazoezi ya dharura kabla ya kuondoka. Nami jaketi langu liko chumbani, na chumbani sijui ni wapi. Nikasimama naangaza huku na huku. Nani huyu anakuja, hana haraka yoyote, jaketi lake amelifunga vizuri na langu ameshika mkononi? Mzee Macho.

"Umejuaje niko hapa?"

"Umepita bwawani mara tatu. Nilikuwa nyuma yako, na majaketi nilitoka nayo kabisa."

"Si nilikuambia usinifuate?"

"Sikukufuata. Nilikuangalia tu usipotee."

Akanivalisha, akanifunga kamba za kifuani. Tukasimama na wengine kwenye mstari. Ofisa wa meli akatuonyesha jinsi ya kupuliza filimbi, akatuambia mashua yetu ni ipi. Akamaliza kwa kusema, "Usiku kucha kuna watu wa zamu kwenye meli hii. Nyinyi laleni." Watu wakacheka, wakatawanyika kwenda kula. Mume wangu hakucheka. Alibaki ameshika reli, na mimi nikabaki, kwa sababu nilikuwa na langu la kusema na nisingelala nalo.

"Kama hunitaki karibu, niambie," nikamwambia. "Mimi ni mtu mzima, nitaelewa. Lakini usimwambie mhudumu kabla hujaniambia mimi."

Aligeuka kwa mshtuko. Sijapata kuuona uso wake umeshuka namna ile. "Nisikutake wewe?"

"Umesema watenganishe."

"Wewe umezoea kulala kwa nafasi, mama watoto. Mimi najigeuzageuza, watoto walikuwa wakiniambia naongea ndotoni. Niliona siku ya kwanza tu utanichoka. Nikasema angalau wewe ulale." Kisha akasema, "Na mimi silali, unajua."

"Huko ndiko ninakotaka kufika. Kwa nini hulali?"

Alikuna kidevu, akafungua na kufunga tena kamba ya jaketi lake. Halafu akauliza, "Unajua mlinzi anaachaje lindo?"

"Nitajuaje? Mimi mpishi."

"Huondoki tu. Mwenzako anakuja, unasimama mbele yake, unamtolea taarifa: hiki kipo, hiki kipo, usiku kimetokea hiki. Yeye anasema, 'Nimepokea lindo. Kapumzike.' Asiposema hivyo, hata jua likikukuta, hata ukiumwa, huondoki. Miaka yote ile kila asubuhi kulikuwa na mtu wa kunipokea. Asubuhi ya mwisho hakuja mtu. Walikuwa wamefunga kamera. Nilisimama getini mpaka jua likawa kali, meneja akapita na gari, akashusha kioo, akasema, 'Mzee, bado uko hapa? Nenda nyumbani, kamera zinatosha.' Nikaenda." Akashika reli kwa mikono miwili. "Sasa nikijilaza usiku, mwili unaniambia, wewe umetoroka. Umeacha lindo wazi. Nainuka."

"Na muda wote huu hukuniambia!"

"Ningekuambiaje? Mtu mzima, babu wa watu, hapati usingizi kwa sababu hajaambiwa kalale?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikufanya hata kimoja. Nilimpenda pale, nasema wazi, nilimpenda kuliko siku aliyokuja kuniposa. Wazo langu la kwanza lilikuwa nikamtafute mlinzi wa meli aje ampokee. Halafu nikasema, hapana. Mlinzi wa meli atajua nini? Huyu mume wangu, aliokuwa akiwalinda kila usiku kwa kutembea gizani ni nani? Si sisi? Si mimi?

Nikasimama mbele yake, na jaketi langu la chungwa limenipanda mpaka kidevuni. "Simama wima," nikamwambia.

Akaanza kutabasamu. Akaona sitabasamu. Akasimama wima.

"Toa taarifa."

"Mama watoto, watu..."

"Watu wanakula. Toa taarifa."

Akameza mate, akatazama mbele juu ya kichwa changu kama walivyofundishwa. "Lindo salama, afande. Kiwanda salama. Maghala yote yamefungwa. Nyumbani salama. Watoto wanne, wote wazima." Hapo akasita, na sauti ikaanza kumkwama. "Mke... Mke amelala peke yake usiku mwingi mno. Hilo ndilo tukio pekee."

Machozi yalikuwa yananitiririka mpaka kwenye filimbi, lakini mimi sasa nilikuwa kazini. Nikapiga saluti, najua niliipiga kwa mkono wa kushoto.

"Nimepokea lindo," nikasema. "Kapumzike, mume wangu."

Alirudisha saluti. Aliposhusha mkono, mabega nayo yakashuka, akawa mfupi kidogo mbele ya macho yangu. Akafungua mdomo kama anayetaka kunijibu, na badala ya jibu ukatoka mwayo! Mwayo mkubwa, wa machozi, jua bado halijazama. Mimi nikacheka, yeye akapiga mwingine. Nilimshika mkono nikamrudisha chini, na korido nzima hakugusa kitasa hata kimoja.

Yule mhudumu ni mchapa kazi, sina la kumlaumu. Tulikuta vitanda viwili vyembamba, kila kimoja na ukuta wake, meza katikati, glasi huku na glasi kule. Nilitaka kumwambia mume wangu asubiri tuviunganishe. Lakini alikwisha kujilaza kwenye cha kwanza, na viatu vyake, na kabla sijamfungua kamba ya kiatu cha pili alikuwa akikoroma. Nikaketi kwenye kitanda changu nikamtazama. Meli ikaondoka, niliiona kwenye televisheni, taa za bandari zinarudi nyuma. Hakuamka kwa honi wala kwa mtetemo.

Saa mbili usiku mlango ukagongwa. Binti yetu, bado na kofia yake, mkononi mkate wa moto kwenye kitambaa. "Mama, nimewatafuta mezani sikuwaona, kuna nini? Baba anaumwa?"

Nikaweka kidole mdomoni. "Amelala."

"Amelala?" Akachungulia juu ya bega langu. Alisimama pale mlangoni na mkate wake, mtu mzima mwenye watoto wake mwenyewe, akimtazama baba yake kama anamwona mara ya kwanza. "Usiku?" akanong'ona. "Mama, baba amelala usiku?"

"Punguza sauti."

Alinipa mkate, akanishika shavu kwa mkono wenye unga, akaondoka akinyata kwenye korido. Nami nikafunga mlango kwa komeo, maana lindo sasa ni langu, nikauhakikisha mara mbili. Nikauweka mkate mezani. Nikakitazama kitanda changu, kimetandikwa vizuri, kina nafasi yote niliyoizoea. Nikazima taa, nikavua ndara, nikapapasa upande wa pili wa meza na kupanda kile chembamba chake, nusu yangu ikiwa hewani.

Bila kuamka, akasogea kunipisha.